Mhubiri Aliyeshuka Mimbarani

Baba, mwaka umetimia tangu sauti yako iliponyamaza, na nyumba hii bado haijauzoea ukimya.

Waumini walikubandika jina la Kwa Kumalizia, maana ukishatamka maneno hayo ndipo mahubiri yalipoanza kunoga, na waliokwisha kufunga Biblia walizifungua tena wakitabasamu. Ulilijua jina hilo na ulilipenda. Jumapili asubuhi ulinyoa ndevu huku ukiimba, ukajikata, ukaendelea kuimba.

Sisi wa nyumbani tuliijua na kazi ya kuyaandaa mahubiri hayo. Kila Jumamosi ulimhubiria Mama kwanza, jikoni, yeye akimenya viazi. Akiendelea kumenya, ulisonga mbele. Akikohoa, ulifuta.

Siku moja tu ulimruka. Mfano ulikujia ukiwa mimbarani, ukasimulia jinsi mdogo wako, fundi seremala, alivyotengeneza mlango wa nyumba yake mwenyewe ukagoma kuingia kwenye fremu. Kanisa zima likavunjika mbavu. Baba Mdogo akainuka, akatoka. Wateja walimtania kwa miezi, naye akaacha kukanyaga kanisani na hata kwetu.

Ulituma watu, akawarudisha. Kisha Jumamosi moja ukaingia jikoni na mahubiri ya msamaha. Mama akakohoa hata kabla hujakolea.

"Sasa nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Baba Watoto. Ila anza kwa mdogo wako."

Ukaiacha chai ikipoa, ukaenda karakana. Baba Mdogo hakuacha kupiga randa.

"Kaka, ulinifanya kichekesho mbele za watu," alisema. "Radhi ya chini chini siitaki."

Kesho yake ulipanda mimbarani, ukafungua Biblia, ukaifunga, ukashuka. Ulisimama usawa wa mabenchi. "Nilimfanya ndugu yangu kichekesho ili nisifiwe," ulisema. "Nimemkosea. Namwomba anisamehe." Ukaketi. Hatujawahi kujivunia kuwa wanao kama siku ile.

Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kazi. Alikuja, akakupa mkono, akaondoka. Jumapili iliyofuata alirudi kwenye benchi lake. Lakini kusema amekusamehe hakuwahi, nawe hukumdai. Ulipougua ndipo ulipomnong'oneza Mama, "Hivi mdogo wangu kweli ameachilia?" Mama akakwambia umuulize mwenyewe. Baba Mdogo alikuja kila siku, akakulisha uji kwa mkono wake, mkazungumza habari za mbao na mvua. Hukuuliza.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao, wakwe zako, wajukuu, wazee wa kanisa na wanakwaya. Unakumbukwa pia na mdogo wako, ambaye ametuomba tuandike hapa kwamba alikusamehe siku ileile, pale mlangoni. Tulimwambia bila shaka ulijua. Akasema, "Andikeni tu."

Tumeandika, Baba. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.