Jina Langu Kwenye Kona ya Mchoro

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa ofisini Msamala, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Ni asubuhi, na baridi ya Songea unaijua, nimevaa sweta juu ya sweta. Mdogo wako ametoka na mafundi kwenda kupima nyumba ya mteja Mjimwema. Kabla hajarudi nataka nikueleze jambo ambalo hapa sina wa kumweleza, maana kila ambaye ningemweleza ni mtu wake.

Unakumbuka ile meza yetu yenye mguu mmoja mfupi? Ulikuwa ukirudi kazini, hujavua hata viatu, unaifuta kwa kiganja na kutandaza karatasi. Mama alikuwa ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kutufokea kwamba ugali unapoa. Ulipiga kwanza mistari minne kuzunguka karatasi, kisha ukachora vyumba, swichi na soketi. Kazi yangu mimi ilikuwa kutia msalaba ndani ya kila duara la taa. Siku moja niliruka chumba kizima, ukanitazama kwa uso mkavu: "Kwa hiyo hawa watakula gizani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba mdogo alikuwepo. Akasema, "Kaka, mtoto wa kike na umeme, wapi na wapi?" Ukamjibu, "Muulize mwenyewe."

Siku tuliyokuzika, ni yeye aliyesimama mbele ya watu akasema, "Huyu ni wangu." Na hakusema uongo. Yeye na Mama mdogo walinilea pamoja na watoto wao, wakanipeleka chuo cha ufundi, na nilipomaliza akanipa kiti hiki ninachokalia. Baadaye akapata kiharusi. Anatembea, anaongea vizuri, lakini mkono wa kulia hauna kazi tena. Tangu hapo kila mchoro wa umeme unaotoka kwenye kampuni yake nimeuchora mimi, kwenye kompyuta.

Sasa mwaka huu kikatokea kituko. Nilikuwa na tabia ya kuchukua mchoro wa zamani, nafuta vyumba, nachora vipya juu yake. Safari hiyo nikasahau kufuta jina la mteja kwenye kona, na padre mmoja akapelekewa mchoro wa nyumba yake ukiwa na jina la baa. Padre alicheka sana. Baba mdogo hakucheka.

"Tengeneza karatasi yetu ya kuanzia," akaniambia. "Safi, isiyo na jina la mtu."

Ndiyo hiyo tunayoiita templeti, Baba. Niliitengeneza kwa moyo wote, kwa sababu yake na kwa sababu yangu, ila ya kwangu hakuijua. Kampuni moja ya Dodoma inayofunga umeme wa jua ilikuwa imenikubali, nianze mwezi unaofuata. Nilikuwa kama mtu anayewapikia wa nyumbani chakula cha kubaki nacho kabla hajasafiri. Nikaweka fremu. Nikaweka herufi ubavuni na namba juu, ili fundi akiambiwa "angalia B tatu" asipotee. Chini kulia nikachora kile kisanduku cha maelezo: kampuni, mteja, mradi, namba ya mchoro, tarehe, mchoraji, mkaguzi. Jina la kampuni niliandika moja kwa moja, halibadiliki. Kwingine kote niliacha nafasi: kompyuta inakuuliza, unajaza, basi. Hata kijana aliyetoka chuo jana angeweza.

Nikamwita aione. Alisimama nyuma yangu akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma somo kanisani. Alipofika kwa mchoraji akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapa mbona pako wazi?"

"Atajaza atakayechora."

"Atakayechora nani?"

Hapo ndipo ningesema, Baba. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

"Andika jina lako," akasema. "Na lisiwe la kujazwa. Liwe kama la kampuni."

"Lakini baba mdogo, likiandikwa hivyo, mtu mwingine akija..."

"Mama, mkono huu umekufa. Kaka aliniachia wewe."

Nikaandika. Akataka ichapwe, tukaibandika ukutani, na tangu siku hiyo kila mteja akiingia anaoneshwa ile kona. "Huyu hapa ndiye mwenye michoro," anasema, na wao wananipongeza. Nasema asante, huku nimebanwa kama niliyevaa gauni la mtoto.

Siku ya kwenda Dodoma ilipokaribia nikajikaza. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani, nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Lini?" Nikamtajia. Akautazama mkono wake uliolala pajani.

"Nenda, mwanangu."

Nilipiga magoti nikamshukuru. Hakumaliza chakula chake. Mama mdogo aliondoa sahani bila kunitazama.

Jumatatu nilipofika ofisini nilimkuta ameshatangulia. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, amefungua templeti, kipanya amekishika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akijaribu kuchora ukuta wa chumba kimoja tu. Kila akibonyeza, mstari ulikimbilia kusikotakiwa, naye anafuta, anaanza upya. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni, kwenye baridi ile.

"Najifunza," akasema bila kugeuka. "Wewe nenda tu."

Angenifokea, ningeondoka. Angenikatalia, ningelia kidogo, kisha ningepanda basi. Nilivuta kiti kingine nikakaa karibu yake, nikakitoa kipanya mkononi mwake. Aliniachia. Mchana niliwaandikia wale wa Dodoma kwamba siji, nao wakajibu kwa mstari mmoja, wakinitakia heri.

Nimekasirika, Baba, na sijui nimkasirikie nani. Yeye alisema nenda, na alisema mara mbili. Siku nyingine nakukasirikia wewe, kwa kufa mapema na kuniacha na deni la wema ambao siwezi hata kuulalamikia. Kulifuta lile jina ni kazi ndogo mno. Akitoka, wakati mwingine nalifuta, naitazama ile nafasi ilivyo tupu, halafu nalirudisha kabla hajaingia.

Nasikia sauti yake getini, anamwelekeza fundi mahali pa kuweka ngazi. Ameanza kuniita. Usimlaumu. Mimi pia najitahidi nisimlaumu, na zipo siku nashindwa.

Pumzika, Baba. Mimi bado niko hapa.

Binti yako