Kasuku Anakohoa kwa Sauti ya Baba

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie upesi, kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumweleza, na hofu niliyo nayo inanifanya nikosee hata tarehe kazini, mimi ambaye ni karani.

Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Kamina, na alituachia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na tangu baba afariki ndege huyu bado anaita kwa sauti yake kabisa, "Phébé! Phébé, leta mayi!", kama baba alivyokuwa akiomba maji, na mama yangu, ambaye ndiye Phébé, bado anaitika kutoka jikoni, "Niko nakuya!", halafu anacheka peke yake, na siku nyingine analia.

Mwezi uliopita mjomba wangu Kabange, mchuuzi wa mahindi, alileta kasuku wengine kutoka kwa wategaji wa msituni, wamebanwa ndani ya kikapu kimoja, akasema wakae kwetu mpaka apate mnunuzi, lakini macho yao yalikuwa yakitoa maji, manyoya yamesimama, kinyesi chao kijani kama majani mabichi, wakafa mmoja baada ya mwingine, na mama ndiye aliyewalisha na kufagia vumbi lao. Sasa kasuku wetu naye anakataa karanga, anasinzia mchana, kinyesi chake kimekuwa kama cha wale, na anakohoa. Nilipomwambia mama kwamba ndege ni mgonjwa, alinicheka.

"Mutoto, iko naiga baba yako tu. Unasahau namna alikuwa nakohola? Masomo imekufanya uogope mpaka manyoya!"

Na ni kweli, ni kikohozi cha baba, hata kile kifupi cha mwisho cha kusafisha koo, ndiyo maana sijui niamini nini. Lakini sasa mama mwenyewe ana homa, kichwa kinamuuma, anakohoa kikavu, na akitoka kuteka maji anahema kama aliyekimbia. Zahanati alipewa dawa ya malaria, akaimaliza, na homa iko palepale. Tuliporudi zahanati, muuguzi aliniuliza kama kuna kitu kingine cha kumweleza, nami nikasema hakuna, kwa sababu biashara ya kasuku imekatazwa na niliogopa mjomba atafungwa na ndege wetu atachukuliwa auawe, na mama alikuwa ananitazama. Njiani kurudi nyumbani mama aliniambia, "Weye unataka tuzike baba yako mara mbili?"

Mjomba anasema dawa ni moja: "Treni ikifika tu, nitamubeba, nitamufungulia mu pori, kwa benzake. Akipona, apone. Akikufa, hatutaona." Kila nikisikia honi ya treni, nakimbilia barazani kuona kama kizimba bado kipo.

Nikisema, mama hatanisamehe. Nikinyamaza, naogopa hata kuandika kitakachofuata. Nifanye nini?

Jéthro, Kamina

Mwanangu Jéthro,

Mpeleke mama yako hospitalini leo. Haya mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Kasuku anaweza kuiga kikohozi. Hawezi kuiga kinyesi cha kijani. Uliyaona yote kwa macho yako, ukayaandika vizuri kabisa, halafu unaniuliza uamini nini! Uko ugonjwa ambao kasuku humwambukiza binadamu kwa vumbi la kinyesi kilichokauka na la manyoya. Huanza kama malaria, kisha hushika mapafu. Sisemi ndio huo, mimi si daktari. Lakini daktari asiyejua kuna ndege nyumbani atazidi kutafuta malaria. Ukifika mbele yake sema "kasuku", useme na wale waliokufa. Dawa ya ugonjwa huo ipo, mradi itolewe mapema. Muuguzi hakukuuliza ili amfunge mtu, naye ulimdanganya huku mama yako anahema pembeni. Najua ulikuwa unamwogopa mama. Sasa ogopa kumkosa.

Huyo mjomba amenikasirisha. Kasuku wa msituni hulala kundi zima kwenye mti mmoja, na mgonjwa mmoja akishuka kati yao, nani atawapelekea dawa? "Hatutaona," anasema! Treni ikifika, simama mlangoni umwambie ndege haendi popote, hauzwi, hapewi jirani. Na vikapu vyake visiingie tena kwenu.

Kizimba kitoke barazani, kiwekwe kwenye kibanda, mbali na jiko na watu. Kabla ya kukisafisha, lowesha kinyesi kwa maji ya sabuni, ufagio usikiguse kikiwa kikavu. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, kisha nawa mikono. Fanya wewe, si mama. Na wewe ukipata homa, usijitibu. Mwite daktari wa mifugo wa serikali, umweleze yote. Ndege naye hutibiwa, ingawa siwezi kukuahidi kwamba atapona. Simu unayo: kaa mlangoni pa kibanda, mdomo umefungwa, umrekodi akiita.

Mama yako usimdanganye. Keti naye, mshike mkono, umwambie hivi: "Mama, sauti ya baba haiiti mwingine, inaita Phébé. Twende upone, ili awepo wa kuitika."