Masizi ya Nishani

Dodoma, karibu na stesheni

Kwa mama yangu mpenzi, huko Kolo,

Shikamoo mama. Natumaini mwalimu anayekusomea barua hii amekukuta mzima, na maumivu ya magoti yamepungua. Mimi sijambo, ila vumbi la hapa na hofu ya juma hili vimenikondesha.

Najua Zaina anangoja. Tangu baba atutoke mimi ndiye walii wake, na dada yangu hawezi kufungishwa ndoa nikiwa huku. Nilipanga kumwomba ruhusa bwana wangu, yule nahodha wa manowari ya Wajerumani, kisha nikaharibu mwenyewe.

Bwana huyu ni mtu wa bahari kabisa. Aliingia melini hajaota ndevu, akafika hadi Uchina. Sasa manowari yake imezama, naye kaletwa huku kufundisha askari mizinga. Wagogo wa kijiji cha Zuzu wanaotuletea maziwa waliniuliza, "Meli ya bwana wako iko wapi?" Nikasema imezama. Wakatazama bonde lote kavu. "Imezama wapi hapa?"

Basi ana nishani, msalaba wa chuma, mweusi tii. Mimi nikadhani ni masizi ya mizinga. Nikausugua kwa majivu na mchanga, kama ulivyonifundisha kusugua sufuria, mpaka ukang'aa. Nikampelekea nikitabasamu, mjinga mimi.

"Salimu, umefanya nini?"

"Nimetoa masizi, bwana."

"Weusi ndiyo rangi yake."

Niliiona hamsa ishirini, yale mapigo ishirini na matano ya kiboko, na harusi ya Zaina ikivunjika. Lakini akanieleza aliipataje. Tanuri la meli lilipasuka, akaingia kwenye mvuke, akatoa mabaharia watatu. Wa nne alimsikia akiita, hakumfikia. Machozi yalimtoka mzee yule, mama, nami nikamwonea huruma kweli. Ndipo nikathubutu kumtajia harusi.

Akaniandikia cheti cha ruhusa. "Nenda kamwoze dada yako," akasema, "ila urudi na weusi wangu."

Naondoka Alhamisi kwa miguu. Nisalimie mjomba aliyetulea, na shangazi atakayepika harusini, na bwana harusi mwambie atulie. Nakuomba jambo moja tu: ile sufuria kubwa ya wali ikishaepuliwa, mtu asiiguse kwa majivu. Masizi yake nayataka yote.

Mwanao,
Salimu