Herufi Moja

Pune, India
3 Rajabu

Kwako ndugu yangu Shuaibu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Tabia na mtoto, na Mzee Msabaha, ambaye shikamoo yangu umfikishie mpaka mkononi, na Zuhura. Natumai goti la mzee limepoa, na kwamba mwani wa msimu huu umekubali pale Mlingotini. Hapa Pune ni baridi. Naandika nimejifunga kikoi juu ya sweta, na ungeniona ungecheka mpaka ukae chini.

Barua inakuja kwa mkono wa Amiri wa Kaole, aliyemaliza masomo yake na anarudi nyumbani. Najua utashangaa, simu zipo na mimi naandika karatasi kama watu wa zamani. Kwenye simu ningeisikia sauti yako, nawe ungeniita shemeji, na mimi ningesema yale yale niliyoyasema miezi minne hii. Nimeshajaribu mara nyingi, kila mara nikaishia kukuuliza bei ya samaki.

Uliniuliza kwa utani wako ule kama nimeshaimaliza India kwa kutembea, maana kila ukipiga niko safarini. Ukasema vijana wa kijiweni kwako stendi ya Bagamoyo wananiita Bwana Ziara. Waambie Bwana Ziara anaijua njia moja tu, ya garimoshi kutoka hapa mpaka Chennai. Ni karibu siku nzima, usiku na mchana. Wauza chai wanapita na mabirika yao wakiimba neno moja, na abiria wa kiti cha mbele hukuuliza nchi yako, kazi ya baba yako, na kama umeoa. Nimeipita njia hiyo mara tano. Mara ya kwanza nilikwenda kumpokea mama yako. Mara nne zilizofuata nimekwenda kukaa kwenye kaburi lake.

Hilo la kaburi hukulijua. Nilikuwa nakwambia nakwenda kwenye mafunzo ya vitendo. Ukweli ni kwamba mitihani ya muhula uliopita sikuifanya, na chuo kimeniambia nirudie mwaka. Lakini hilo ni dogo, Shuaibu, wala silo lililonifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Rufaa ya mama kuja kutibiwa India ilipotoka, ilikuwa Zuhura amsindikize. Pasipoti ikakwama kwa sababu mzee, alipomwandikisha cheti cha kuzaliwa, alisema Zuhra kwa Kiarabu chake, na kitambulisho kinasema Zuhura. Mkasema hapana neno, Mikdad yuko huko huko, anasoma dawa, anajua Kiingereza, na tena si mtu wa nje. Mama yako, Bi Batuli, akaja na wagonjwa wengine waliokuwa wanakwenda hospitali nyingine, mimi nikamkuta uwanja wa ndege ana mkoba wa ukili na kopo la achari ya maembe aliyonitengenezea. Nilifurahi kama mtoto. Alinilea yule. Mama yangu alipokuwa shamba, ni yeye aliyenikogesha na kunipigia kelele nile.

Lakini ulikuwapo siku posa yangu kwa Zuhura ilipopokewa. Tangu siku hiyo mama akawa mkwe. Nilikuwa naingia jikoni kwenu bila hodi. Nikaanza kukohoa nje ya uzio. Nilikuwa nakula naye sinia moja, nikaanza kutengewa. Yeye naye akawa akiniona anajitanda vizuri na kuangalia chini. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilijivunia kwamba nayajua. Sasa mtie mkwe na mkwe katika chumba kimoja cha hospitali, kitanda na kiti, siku tisa, hakuna mwingine anayejua hata neno moja la Kiswahili. Akija muuguzi kumgeuza, mimi natoka. Akija daktari kumfunua tumbo, mimi nageukia dirishani na kutafsiri nikitazama paa za watu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe walioufuata kwenye utumbo waliutoa wote, nami nikawapigia mkashangilia. Baada ya hapo daktari, mtu mpole wa makamo, akawa kila asubuhi ana swali moja. Utumbo ukikatwa na kuungwa hulala, na mgonjwa hapewi chakula mpaka uamke. Dalili ya kwanza ya kuamka ni upepo kutoka. Basi aliniambia nimuulize mama kama upepo umetoka. Mimi ninayesoma dawa nilijua vizuri swali lile lina uzito gani.

Shuaibu, unakumbuka tulipokuwa na miaka minane, wageni wa maulidi walipokuja kwenu? Tulishindana nani atawaamkia haraka zaidi bila kugundulika, badala ya hamjambo tukisema hamjamba. Wewe ulipita salama. Mimi nilicheka, mama akasikia. Alitupeleka nyuma ya nyumba akatupaka pilipili mbuzi midomoni, wote wawili, akasema kati ya adabu na utovu wa adabu pana herufi moja tu, na atakayeikosea tena hatakula kwake. Tulilia mpaka alasiri. Sijalitamka neno lile mbele ya mtu mzima tangu siku ile.

Siku ya kwanza na ya pili nilimwambia daktari bado, bila hata kumuuliza mama, kwa kuwa bado lilikuwa jibu salama. Siku ya tatu akasema nimuulize sasa hivi, mbele yake. Nikageuka dirishani. Nikasema, kwa sauti ya chini, mama, daktari anauliza kama upepo unatoka. Mama akaitazama feni ya darini iliyokuwa inazunguka juu yake. Akasema unatosha, mwanangu, alhamdulillahi, wasiiongeze.

Nilijua anasema feni. Nataka ulisome hili taratibu, maana ndilo lenyewe. Sikukosea kusikia. Nilijua, na daktari amesimama na kalamu, na lililobaki lilikuwa ni neno moja tu ambalo mama asingeweza kulielewa vingine. Zuhura alikuwa kwenye simu, mfukoni mwangu. Ningempigia amuulize mama yake, dakika moja tu, mimi nitoke nje. Hilo nalo nililiwaza, nikaona haya kumwambia Zuhura amuulize nini. Nikamgeukia daktari nikasema ndiyo, umetoka.

Alimsikiliza tumbo kwa muda. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Wakampa uji, kisha wali laini. Zuhura alipiga siku hiyo akauliza mama hajambo, nikamjibu hajambo, ameanza kula, na nikasikia vigelegele nyuma yake. Nilipokuwa nikimwamkia asubuhi mama aliniitikia marahaba, na nikimuuliza ameamkaje alisema sijambo, alhamdulillahi. Ungetegemea aseme nini? Kwetu mtu anaweza kuwa na mguu mmoja kaburini na akasema hajambo, kisha ndipo aanze kueleza. Nami nilikuwa naogopa kungoja aanze kueleza. Nikilisikia sijambo naondoka upesi kwenda kutafuta chai.

Siku mbili baadaye tulitoka tukaenda nyumba ya wageni karibu na hospitali. Hakumaliza siku. Alianza kutapika, tumbo likawa gumu na limejaa. Tuliporudi walimkimbiza ndani, wakakuta kile walichokiunga kimeachia. Daktari yule alinitoa kando akaniuliza kwa upole kama kweli siku ile upepo ulitoka. Nikasema ndiyo, kwa mara ya pili. Aliandika jibu langu kwenye karatasi zake.

Nilikwambia kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa shahada. Kweli alitamka shahada, nami niliitikia naye, wallahi katika hilo sikukudanganya. Lakini kabla yake alinishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu posa. Akaniambia mwambie daktari, Mikdad, tangu wanipasue sijajamba. Alilisema neno lile lile, bila kulizunguka. Akasema aliona haya kuniambia mkwe wake, akaona bora avumilie mpaka arudi kwa bintiye. Kisha akaniomba nimsamehe kwa kunisumbua. Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha, Shuaibu, na mimi nikamwambia nimekusamehe mama. Alifariki mchana ule, adhana ya adhuhuri ilipokuwa inatoka msikiti wa mtaa wa pili.

Wanawake wa msikiti ule walimwosha vizuri, hilo lisikusumbue. Mimi ndiye najisumbua. Nasikia kwenye hitma mzee alisimama akaniombea dua, akasema Mungu alimnyima mkewe binti wa kumsindikiza akampa mtoto wa kiume bora kuliko binti. Nilipoletewa maneno hayo nilizima simu. Na wewe umeniandikia kwamba mnaningoja Mfungo Mosi, baada ya Idi, kwa ndoa, chumba mmeshakipaka rangi, na Zuhura amesema hataki shangwe, anataka nifike tu nimkalishe chini nimweleze siku za mwisho za mama yake, moja baada ya nyingine.

Siwezi. Nimejaribu kujiona nimekaa na Zuhura nikimweleza, na kila nikifika siku ya tatu naona feni ile. Kwa hiyo namwacha huru, naye asihesabu kwamba nimemkataa. Sijapata kumpenda mtu kama yeye, na huo ndio msiba wangu wa pili. Msomee barua hii wewe mwenyewe, Tabia awepo. Mzee umwambie utakavyoona, au usimwambie, ila asiniombee dua tena hadharani. Pasipoti ya mama, tasbihi yake na kopo la achari ambalo halijafunguliwa nimempa Amiri awafikishie. Sikuweza kuila.

Sikuombi msamaha. Niliuona unavyotolewa kwa asiyeustahili, na sasa nauogopa. Mungu amrehemu mama, awape nyinyi subira. Nisalimie wote wa Mlingotini ambao baada ya hii watapenda kupokea salamu zangu.

Rudi mwanzo wa barua uangalie. Nimekuulizia hali wewe na nyumba nzima, lakini hukuona popote nimeandika kwamba mimi sijambo. Sikusahau. Nawe ukiamua kunijibu, ndugu yangu, anza na lolote utakalo, hata tusi, ila usiniulize hujambo.

Wako,
Mikdad