Neno la Koplo Wako

Shikamoo Baba,

Huku Mlalo ukungu unaingia hadi jikoni, na lile koti lako nililolicheka silivui. Nakuandikia nikiwa kwa Bibi Naomi, mjane wa Koplo wako, miguu motoni.

Nilimletea sukari. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Hongea, mwanangu." Mimi nikasikia "ongea", basi nikaongea! Nikamweleza kitabu chote ninachoandika juu ya Koplo, tangu alipojiunga na jeshi la majini hadi aliporudi kwenye boti inayowaka kuwatoa wenzake. Nikampokea birika la chai, akasema tena, "Hongea." Nikaendelea. Mwishowe akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Pumzika, mwanangu. Kwetu Washambaa, hongea ni asante."

Nikaweka kikombe chini. Nilikumbuka ulivyonisimulia: ulimvuta Koplo kutoka majini, ukampakata, akakuambia mara mbili, "Ongea, ongea," nawe ukakosa la kusema mpaka akakata roho. Miaka yote hii umejilaumu kwa ukimya ule.

Nikamweleza Bibi. Akaniongezea kiazi kwenye sahani, kisha akasema, "Mwambie baba yako hakuombwa neno. Alishukuriwa."

Ukurasa ule wa kifo cha Koplo nitauandika upya. Bibi anakusalimu sana, ameshakufungia mapeasi. Na kwa kunisimulia habari za Koplo, hata pale zilipokuuma: hongea, Baba.

Mwanao,
Zuhura