Minyoo Walionichongea

Mume wangu Kazungu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba kuku wetu ametaga ndani ya kofia ya babu yako, na babu amekataa kumhamisha. Sisi wengine tu wazima, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini wadudu wa chini ya mto hutofautiana hapa na pale, ilhali maji ni yale yale. Maprofesa wako wamekwisha huko? Haya, mjukuu wangu.

Nilipokuwa darasa la saba Kakuyuni, mwalimu wa sayansi alitaka mwanafunzi mmoja wa kuiwakilisha shule mashindanoni. Akatutuma mimi na mwenzangu Kadzo tumletee wadudu wa kwenye mawe, pale mto Sabaki unapokwenda mbio. Mimi nikauogopa mkondo. Nikachota tope kwenye kidimbwi tulivu tulipozoea kufulia, kisha nikajilowesha sketi mpaka kiunoni ili niaminike.

Mwalimu akachungulia kopo langu. "Mwanangu, hawa ni minyoo wa tope. Maji ya mbio hufagia tope lote. Mdudu wa kule ni bapa, ameng'ang'ania jiwe. Ulifika kweli?"

"Nilifika, mwalimu."

"Basi mkondo umekuheshimu, ukakuwekea tope!"

Mama yako nimemwambia miaka yote kwamba nilichaguliwa mimi. Sikuchaguliwa. Alichaguliwa Kadzo, aliyeingia mkondoni akilia kwa sauti njia nzima, akarudi na wadudu wawili bapa, bado analia.

Bibi yako