Alichobeba Bibi Nyuma ya Minyaa

Miyuji, Dodoma
9 Desemba

Dada yangu Ruthu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, miguu umeiegesha kwenye kigoda, maana Mama ameniambia inavimba ikifika jioni. Je, uvimbe umepungua? Na mtoto bado anapiga mateke ukitaka kulala? Msalimie sana shemeji Stanley, pamoja na majirani zako wa huko Kondoa. Huku mvua imeanza kunyesha, Mama anashinda sokoni kama kawaida, na mimi tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne kazi yangu ni kukaa na Bibi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu maneno hunikauka, unanijua.

Habari yenyewe ni ya Bibi. Unakumbuka baada ya Pasaka alivunjika kifundo cha mkono kwa kujikwaa tu kwenye kizingiti cha bafu. Daktari alisema mifupa yake imekuwa dhaifu, imetoboka-toboka kwa ndani, na ndiyo sababu mgongo umepinda na gauni lake la kanisani siku hizi linaburuza. Alipofunguliwa plasta aliacha kila kitu. Kanisani haendi, uani hatoki, akiogopa kuanguka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango tangu chai mpaka giza, na sisi tukaona hiyo ndiyo heshima yake: mtu mzima amechoka, akae. Hata maji ya kunawa nilimpelekea palepale.

Ndipo hospitali walipotupangia dada mmoja wa mazoezi ya viungo, anaitwa Sikudhani. Tangu siku ya kwanza sikumwamini. Alimwambia Bibi ainuke kwenye kiti bila kushika popote, akae, ainuke tena. Akamsimamisha kwa mguu mmoja huku ameshika meza. Halafu akampa chupa za maji azinyanyue. Nikajiuliza, mtu aliyevunjika kwa kujikwaa anabebeshwaje mizigo? Nilimkazia macho mikononi kama mtu anayepimiwa sukari dukani.

Nilipothubutu kumuuliza alinieleza kwamba mfupa usiopewa kazi huzidi kudhoofika, na kwamba misuli ikipata nguvu na miguu ikazoea kusimama imara, mtu haanguki ovyo. Hakusema Bibi atapona. Alisema mifupa iliyokwisha kupungua hairudi kuwa ya usichana, dawa aendelee kumeza, na asiiname kwa kupinda mgongo wala kujizungusha akiwa na kitu mikononi. Kwa kuwa hakutuahidi makubwa, nikamwamini kidogo. Kidogo tu.

Bibi mwenyewe alimcheka. Alisema amelima mahindi kwenye milima ya Kibakwe tangu hajavunja ungo, leo anafundishwa kusimama. Lakini mazoezi aliyafanya. Kufika Oktoba alikuwa anajifunga kilemba mwenyewe, na Jumapili moja tukashangaa amekwisha kuvaa anatusubiri twende ibadani.

Baada ya hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza upya. Kila alasiri Bibi akawa anakwenda kwa Mama Obedi, yule fundi cherehani wa nyumba yenye uzio wa minyaa. Hakutaka nimsindikize. Alisema, “Mke mwenzangu, unanilinda kama mbuzi wa mahari.” Alirudi anahema, jasho shingoni, na kanga yake ina mchanga. Nikiingia ghafla kule, wote wawili walinyamaza, na Mama Obedi alianza kuniuliza habari za matokeo ya mtihani ambayo hata hayajatoka.

Unajua Mama Obedi anavyopenda kugawa mizizi kwa kila mwenye kikohozi. Nikadhani amemshawishi Bibi aache dawa za hospitali. Nikazikagua, nikakuta zinapungua kama inavyotakiwa. Nikadhani basi anamtwangisha hiyo mizizi yake. Kisha kikapotea kile kitenge cha njano ambacho Mama alikuwa amekuwekea kiwe mbeleko ya mtoto. Nilimuuliza Mama Obedi kama amekiona, akajibu kwamba yeye vitenge anavyoviona kwa siku hawezi kuvikumbuka, huku akitazama sindano. Sikumwambia mtu, ila nilianza kumchukia.

Jumanne iliyopita nilizunguka nyuma ya uzio, nikajibana kwenye minyaa nikijihadhari na ule utomvu usiniingie machoni. Nikamwona Bibi anatembea uani polepole, mgongo ameunyoosha kadiri unavyokubali. Kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge chako, chenye umbo la kichwa, kimefungwa uzi shingoni. Mama Obedi alimfuata nyuma, mikono wazi, na Bibi alikuwa anakinong'oneza kile kitu.

Dada, nisamehe kwa nilichowaza. Niliwaza uchawi, tena juu ya mimba yako. Mimi ambaye darasani nilishindwa hata kuomba ruhusa ya kutoka, nilisukuma geti nikapiga kelele wakiweke chini.

“Usinifokee,” Bibi alisema taratibu. “Utaniangusha naye.”

Akakisogelea kiti, akakaa vile alivyofundishwa, ndipo akafungua kitenge. Ndani kulikuwa na mfuko wa mchanga ulioshonwa vizuri, una kichwa na masikio marefu. “Masikio kayaongeza huyu fundi,” akasema. “Nilimwambia mtoto wa Ruthu si sungura.” Mama Obedi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilianza kulia.

Sasa naomba usome hapa bila kukasirika. Ile siku uliyompigia Mama kuhusu vifaa vya kujifungulia, ulisema ukija na mtoto, Bibi asipewe, atamwangusha, na kwamba mama mkwe wako ndiye atakayemtoa nje. Mama alikuwa ameweka simu sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Bibi alikuwa nyuma ya mlango, na alisikia yote. Unajua kwa ukoo wetu mtoto wa kwanza huvushwa mlango na mwanamke mkubwa kuliko wote nyumbani, ambaye humwonyesha jua na njia. Wewe ulitolewa na yeye. Tangu siku ile hakutuambia neno juu ya hilo. Alikwenda kwa Mama Obedi akaanza na mchanga kidogo, akawa anaongeza.

Nilimuuliza kama amekuchukia. Akasema, “Hakukosea. Siku ile aliyosema, kweli ningemwangusha.”

Nilimweleza Sikudhani. Hakufurahi kwamba alifichwa. Alimtazama Bibi anavyotembea, akapunguza mchanga, akakataza kabisa kubeba mgongoni. Alisema iwe kifuani, mahali tambarare, na mtu awe karibu. Alisema pia hawezi kuapa kwamba Bibi hataanguka kamwe, kwa hiyo na mimi siwezi kukuapia. Bado namwogopea, na kile kizingiti cha mlango wa mbele nakitazama vibaya kila nikipita. Lakini nimemwona, Dada, na wewe hujamwona.

Nilipomwambia kwamba nitakuandikia, alinikataza kumwombea kwako. Alisema mtoto ni wako na uamuzi ni wako. Nikueleze tu kwamba alisikia, na anachokifanya. Basi usinijibu mimi. Mpigie yeye.

Mama anakusalimu, anasema punguza chumvi. Mama Obedi anakusalimu pia, na kitenge chako amekifua. Bibi naye anakusalimu, na ameniambia nikuulize jambo moja tu: kliniki wanakadiria mtoto atazaliwa na kilo ngapi?

Ni mimi mdogo wako,
Restuta